Umepandisha kasi, kompyuta imegoma: utatuzi wa matatizo kwa anayeanza ovakloki Mtwara na Lindi

Anayeanza kuovakloki kompyuta ya nyumbani, yaani kuiendesha kwa kasi kuliko ile ya kiwandani, huwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kuongeza volteji. Mashine ikiganda, anaongeza. Ikijizima, anaongeza. Kwa ukanda wetu huu dawa hiyo ndiyo inayoua bodi kuu ya kompyuta, kwa sababu hitilafu nyingi ninazoletewa hazina uhusiano wowote na upungufu wa volteji. Chanzo ni joto la chumba, umeme wa ukutani unaopanda na kushuka, au kutu inayoletwa na hewa ya bahari. Prosesa inayoteswa na joto, ukiizidishia volteji umeizidishia joto. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunatafuta chanzo, na volteji tunaigusa mwisho, tena kidogo kidogo.

Kuna hesabu moja ya kushika kabla ya yote. Kasi ya prosesa ni mapigo ya msingi, ambayo kwa bodi nyingi ni MHz 100, mara kizidishi. Kizidishi kikiwa 36 unapata GHz 3.6, ukikipandisha hadi 40 unapata GHz 4.0. Joto linaongezeka sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volteji linaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka GHz 3.6 kwa volti 1.20 ukaenda GHz 4.0 kwa volti 1.35, kasi imepanda kwa asilimia 11 tu, na joto limepanda kwa asilimia 40 hivi. Joto hilo lote lazima litoke ndani ya kasha liingie chumbani, na chumba chenyewe kipo chini ya bati, mwezi wa Desemba.

Tafuta daftari. Kabla hujagusa kitu, andika joto la prosesa ikiwa imetulia, joto lake ikiwa na mzigo, alama ulizopata kwenye Cinebench (programu ya kupima kasi ya prosesa), saa uliyopima na hali ya hewa ya siku hiyo. Nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje. Kisha badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kwenye kingine. Aliyebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hawezi kusaidiwa na fundi yeyote, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui ni kipi kilichoharibu.

Dalili: kwenye BIOS hakuna pa kubadilisha kasi

BIOS ni mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Hapa hakuna kilichoharibika. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa huku zilikuwa za maofisini, kama OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre, na hizo zimefungwa. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida unahitaji prosesa ambayo jina lake linaishia na K, kama i5-4690K, pamoja na bodi ya kundi la Z, kama Z97. Ukikosa kimojawapo, kizidishi hakipandi. Kwa AMD mambo ni mepesi: karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, ila bodi za A320 haziruhusu. B350, B450 na B550 zinaruhusu. Ryzen 7 5800X3D nayo kizidishi chake kimefungwa hata ukiiweka kwenye bodi nzuri.

Mwenye mashine iliyofungwa asihangaike na programu zinazodai kuifungua. Pesa hiyo anunue SSD kama bado anatumia diski ya zamani, na aongeze kijiti cha pili cha RAM kinachofanana na cha kwanza ili zifanye kazi kwa pamoja. Abadilishe na pesti ya prosesa. Tofauti ataiona kwa macho, na hakuna kitakachoungua.

Dalili: feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Hii ndiyo inayotisha kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Kijana anaingia amebeba kasha begani. "Shikamoo fundi. Bodi imeungua." Marahaba, umebadilisha nini? "Nimepandisha RAM tu." Ukiiwasha, feni zinavuma, taa ya kibodi haiwaki, skrini haina kitu. Bodi haijaungua. Imepewa maagizo isiyoweza kuyatekeleza.

Kwanza subiri. Bodi nyingi hujaribu kuwaka mara kadhaa zenyewe, zikishindwa zinarudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Kwa bodi zenye DDR5, baada ya kubadilisha mpangilio wa RAM mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikiipima RAM. Ukiikatia umeme katikati, inaanza upya. Nenda kanywe maji, urudi.

Ikigoma kabisa, futa kumbukumbu ya BIOS. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Tafuta pini mbili kwenye bodi: ASUS huziandika CLRTC, MSI huandika JBAT1, Gigabyte huandika CLR_CMOS. Ziguse kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi hivi. Usipoziona, toa betri ya duara, CR2032, iache nje dakika tano, uirudishe. Washa.

Mashine itarudi, lakini na tarehe isiyo sahihi na mipangilio yote ya mwanzo. Hapo ndipo wengine hushtuka mara ya pili kwa sababu Windows haiwaki. Mara nyingi ni mpangilio wa diski uliobadilika, AHCI kuwa RAID au kinyume chake, kwa hiyo upige picha kwa simu kabla hujaanza majaribio. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hakikisha namba ndefu ya kuifungulia unayo mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Bila namba hiyo, faili zako huzipati tena.

Dalili: inaganda au inatoa skrini ya bluu ikipewa kazi nzito

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mashine inawaka vizuri, intaneti inafungua vizuri, ukianzisha gemu au ukitengeneza video inaganda. Swali linaloamua kila kitu ni hili: ilikuwa na joto la nyuzi ngapi ilipoganda?

Fungua HWiNFO, programu inayosoma joto, kasi na volteji, iagize iandike vipimo kwenye faili, kisha endesha mzigo mpaka mashine igome. Ikiwaka tena, soma mistari ya mwisho ya faili hilo. Kama joto lilikuwa limegusa kikomo, chanzo ni upoozaji. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen za mwanzo, kama 2600 na 3600, ni nyuzi 95. Kama lilikuwa nyuzi 70 na bado imeganda, upoozaji unatosha na shida ni kasi kubwa kwa volteji uliyoipa. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa na zina tiba zinazopingana, ndiyo maana usikisie.

Tuanze na joto, maana ndilo letu. Kipoza cha feni hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Kinachoweza kufanya ni kuizuia isipande mno juu ya hewa hiyo. Chumba kikipanda nyuzi kumi, na prosesa inapanda karibu nyuzi kumi. Nimeona Ryzen 5 2600 pale Chuno, imesetiwa GHz 4.0 kwa volti 1.30, usiku wa Julai upepo wa kusi ukivuma inasoma nyuzi 78 chini ya mzigo na haitikisiki. Mashine ileile, mpangilio uleule, saa nane mchana mwezi wa Desemba ilifika nyuzi 95 na ikaanza kujipunguza kasi. Mwenyewe alikuwa tayari anataka kuongeza volteji akidhani haitoshi. Hali hiyo huwapata pia wanaoteremka na mashine kutoka Newala, kule juu kwenye Uwanda wa Makonde kwenye ubaridi, wakaifunga Mtwara mjini bila kupima upya.

Kwa hiyo mpangilio unaopita usiku wa Julai haujapita. Pima saa nane mchana kipindi cha joto, milango ikiwa kama inavyokuwa siku zote. Bodi nyingi zinakuruhusu kuhifadhi mipangilio kadhaa kwa majina. Weka mmoja uuite KUSI na mwingine KASKAZI, wa pili ukiwa chini kwa MHz 100 na volteji yake imepunguzwa. Kwa matumizi ya nyumbani tofauti ya MHz 100 huwezi kuihisi, ila nyuzi saba au nane zinazopungua utazisikia kwenye kelele za feni.

Kushusha joto kunaanza na vitu visivyo na gharama. Sogeza kasha kutoka ukutani na kutoka chini ya meza iliyofungwa pande tatu. Angalia mwelekeo wa feni: ya mbele inaingiza hewa, ya nyuma inatoa, na upande wa feni wenye fremu iliyoshika mota kwa kawaida ndiko hewa inakotokea. Nimekuta makasha yenye feni mbili zinazovuta hewa ndani na hakuna inayotoa. Pesti ikiwa imekauka kama chokaa, ifute kwa alkoholi na uweke mpya, kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Hakikisha kipoza kimekaza pande zote sawa; kikilegea upande mmoja, prosesa inaruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache tu za mzigo, na hiyo kuruka ghafla ndiyo dalili yake. Joto linalopanda taratibu kwa dakika kumi linakuambia shida ni hewa ya kasha. Lifungue ubavu: joto likishuka sana, feni za kasha hazitoshi. Ila usiliache wazi miezi yote, vumbi na chumvi vitaingia.

Kipoza cha bure kinachokuja na Ryzen 5 2600 kilitengenezwa kwa prosesa ya wati 65 kwa kasi yake ya kawaida. Ukiipandisha hadi GHz 4.0 inakula zaidi ya hapo. Nunua kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120 kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo pesa bora kuliko zote katika mchezo huu.

Sasa njia ya pili: joto liko chini na bado inaganda. Shusha kizidishi hatua moja, upime tena. Ikitulia, umeshajua mpaka wa prosesa yako kwa volteji hiyo. Hapo ndipo unaweza kuamua kuongeza volteji, kwa hatua ya volti 0.0125 au 0.025, si zaidi. Kwa Ryzen za 1000 hadi 3000 zinazoendeshwa kwa kasi moja isiyobadilika, mimi sivuki 1.35. Kwa Intel za kizazi cha nne kwa kipoza cha hewa, nasimama 1.30. Prosesa mbili za jina moja hazilingani. Ya jirani kufika GHz 4.2 hakuipi ya kwako deni la kufika huko.

Mara nyingine volteji uliyoiandika haifiki. Umeandika 1.30, chini ya mzigo HWiNFO inasoma 1.24. Kushuka huko ni kwa kawaida, na bodi zina kipengele cha kukufidia, kinachoandikwa LLC au Load-Line Calibration. Kuwa mwangalifu na namba zake: kwa ASUS namba kubwa ndiyo nguvu kubwa, kwa MSI na ASRock namba 1 ndiyo kali kuliko zote. Aliyezoea bodi moja akihamia nyingine anaweza kuweka kinyume, na fidia kali mno inarusha volteji juu ya ile uliyoandika kila mzigo unapoachiliwa. Chagua ya katikati.

Kupima, anza na Cinebench dakika kumi. Ikipita, endesha OCCT au Prime95, programu za kuibebesha prosesa mzigo mzito (Prime95 uiweke kwenye Small FFTs), kwa saa moja huku ukitazama joto, na usiondoke chumbani. Prime95 ikiandika kuwa imekuta kosa la kukadiria namba na kusimamisha kazi moja, mashine haijaganda lakini imekosea hesabu, na kwangu hiyo haijapita. Fungua pia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Namba 19 ni kosa lililosahihishwa kimyakimya. Namba 18 ndilo lililoangusha mashine. Ukiona 19 zimejipanga, shusha kasi leo, usisubiri ya 18.

Dalili: inajizima au kujiwasha upya ghafla, bila skrini ya bluu

Giza, halafu nembo ya bodi. Windows itaandika Kernel-Power 41, ambayo inasema tu kwamba umeme ulikatika bila mashine kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini. Soma kwanza faili la HWiNFO, kwa sababu joto lililovuka kikomo nalo huzima mashine papo hapo. Joto likiwa sawa, geukia umeme.

Jiulize kama taa zilififia. Kama friji ilikuwa inaanza kuvuma, au jirani amewasha mashine ya kuchomelea. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50, na pawa saplai nzuri inaweza kushikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 umeme ukikatika. Mzunguko mmoja wa Hz 50 ni milisekunde 20. Kwa maneno mengine, mtikisiko mdogo ambao balbu inauonyesha kwa kupepesa tu unatosha kuiangusha mashine iliyobeba mzigo mzito. Kabla ya ovakloki mzigo ulikuwa mdogo, kwa hiyo pawa saplai ilikuwa inafika ng'ambo ya mtikisiko huo. Ndiyo maana mtu anasema kompyuta ilikuwa nzima mpaka alipopandisha kasi, na anasema kweli, ila kosa si la kizidishi.

Jaribio lake ni hili: rudisha mipangilio ya kiwandani, endesha mzigo uleule saa ileile ya jioni watu wakiwa wamewasha kila kitu. Ikijizima tena, ovakloki haihusiki. Ikitulia, pima njia ya volti 12 mzigo ukiwa umepanda. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Vipimo vya bodi si vya kuaminika sana, kwa hiyo tumia mita kwenye plagi ya diski ya zamani yenye pini nne, waya wa njano na mweusi. Ikisoma 11.3 chini ya mzigo, pawa saplai imechoka. Ibadilishe, usiifungue. Ndani yake kuna kapasita inayobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Angalia pia plagi ya umeme wa prosesa, juu ya bodi karibu na kipoza. Bodi ina matundu manane, watu wanachomeka pini nne na mashine inawaka, hivyo wanaridhika. Kwa ovakloki chomeka zote nane. Na toa kompyuta kwenye ekstensheni iliyobeba friji, televisheni na chaja tano. Ipe soketi yake, yenye waya wa ardhi unaofanya kazi.

Stabilaiza ya rilei inasaidia umeme ukiwa chini au juu kwa muda mrefu, ila kila inapobadilisha ngazi unasikia mlio wa "ta", na katika mlio huo kuna mwanya mfupi. UPS yenye kurekebisha volteji ni bora. Iangalie wati zake, si VA peke yake: ya 650VA mara nyingi inabeba kama wati 360 hadi 390. Prosesa iliyopandishwa na kadi kubwa ya grafiki zinaweza kuzidi hapo, na UPS iliyozidiwa huzima kila kitu yenyewe. Masika yakianza na radi, chomoa waya wa umeme na waya wa mtandao pia.

Dalili: kasi imepanda, alama zimeshuka

CPU-Z, programu ya kuonyesha kasi ya prosesa, inaonyesha GHz 4.2, Cinebench inatoa alama chini ya zile za mwanzo. Amini Cinebench. Kwenye HWiNFO tafuta mstari wa Effective Clock. Huo ndio kazi iliyofanyika kweli. Ryzen ikikosa volteji ya kutosha huweza kujinyoosha mapigo bila kukwambia, kwa hiyo namba inabaki juu na kazi inapungua.

Sababu nyingine ni bodi yenyewe. Bodi za bei ndogo zina moduli za kusambaza umeme zisizo na vipoza, na zikipata moto zinaiamuru prosesa ipunguze kasi hata kama prosesa yenyewe ina nyuzi 70 tu. Feni ndogo inayopuliza eneo lile, kushoto kwa prosesa, inatosha kukujibu: kasi ikirudi, umekipata chanzo.

Na kuna kisa cha tatu ambacho si hitilafu. Ryzen 5 3600 ikiachwa kiwandani inarusha kiini (core) kimoja hadi GHz 4.2. Ukiifunga viini vyote kwa 4.0, kazi za viini vingi zinaweza kwenda mbele kidogo lakini gemu nyepesi inarudi nyuma. Kwa prosesa za aina hiyo na zilizofuata, naona ni afadhali kuziacha zijiendeshe, uzipe kipoza kizuri na RAM yenye kasi. Utapata karibu yote unayoyatafuta.

Dalili: inamaliza majaribio yote, halafu inaganda ikiwa imetulia

Hii hutokea zaidi kwa wanaopunguza volteji kwa Curve Optimizer, kipengele cha kupunguza volteji ya kila kiini, kwenye Ryzen za 5000 na kuendelea. Mzigo mzito unaipa prosesa volteji ya kutosha, utulivu unaishusha mno. Rudisha hatua tano kwa kiini kinachotajwa kwenye WHEA, uiache mashine usiku mzima ikiwa imewashwa bila kazi.

Dalili: faili zinaharibika bila skrini ya bluu

Faili la zipu ulilolipakua halifunguki. Picha ina mstari wa kijivu nusu ya chini. Kivinjari kinafunga kurasa chenyewe. Hii ni RAM, na ndiyo hatari kuliko kuganda, maana inaandika makosa kwenye diski huku wewe ukiendelea na kazi.

RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, ambayo hupandisha volteji yake kutoka 1.2 hadi 1.35. Hiyo nayo ni ovakloki, ingawa ni ya kubofya mara moja. Weka MemTest86 kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo, uiache imalize mizunguko yote minne. Kosa moja ni kosa. Shusha kutoka 3200 hadi 3000 au 2933, upime tena. Vijiti vinne ni vigumu kuliko viwili, na vijiti vya seti mbili tofauti ni vigumu zaidi. RAM ikishatulia ndipo upeleke amri ya sfc /scannow kurekebisha faili za Windows zilizoharibika. Ukianza na amri hiyo kabla ya kutuliza RAM, utarekebisha na kuharibu kwa wakati mmoja.

Dalili: ilikuwa nzima miezi mingi, sasa inagoma kwa mpangilio uleule

Angalia kalenda kwanza. Kama iligoma baada ya Novemba, rudi kwenye joto. Kama si msimu, fungua kasha utazame kwa tochi.

Kwa nyumba za Shangani au Mikindani, karibu na bahari, utaona ukijani kwenye shaba na weupe kwenye pini. Toa vijiti vya RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili. Ufutio wa penseli wanaoutumia mafundi unasafisha kweli, lakini dhahabu ile ni nyembamba mno, kwa hiyo upite mara moja kwa upole. Chomoa na uchomeke tena plagi zote za umeme. Kitendo hicho peke yake husugua kutu.

Halafu kuna salfa. Kwenye nyumba nyingi za wakulima wa korosho, mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho inahifadhiwa chumba cha ndani, palepale kompyuta ilipo. Salfa hula shaba na fedha, na ndani ya kompyuta fedha imo kwenye vijenzi vidogo visivyoonekana kwa macho. Weusi kwenye miguu ya shaba ndiyo alama yake, na haifutiki kwa alkoholi. Hamisha mifuko hiyo au hamisha kompyuta. Usiviweke pamoja hata kwa msimu mmoja.

Ukikuta ndani ni safi na msimu si wa joto, huenda prosesa imechakaa kwa volteji kubwa ya muda mrefu. Dalili yake ni kwamba kasi ileile inadai volteji zaidi kuliko zamani. Usiifuate. Shusha MHz 100 au 200 kwa volteji ya zamani, itaishi. Wenye Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, wana jambo lao la pekee: prosesa hizo zilikuwa zinajipa volteji ya kupita kiasi hata bila kuguswa, na Intel ilitoa marekebisho kuanzia Agosti 2024. Sasisha BIOS kabla ya kupandisha chochote.

Dalili: nukta za rangi, pembe zinazopepesa, gemu inafunga yenyewe

Hiyo ni kadi ya grafiki. Nukta na nyota zinazometameta mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi iliyopandishwa mno. Gemu kufunga na draiva kujianzisha upya mara nyingi ni kasi ya kiini. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kubadilisha kasi ya kadi, rudisha vyote sifuri, kisha panda kiini kwa MHz 15 kwa hatua, kumbukumbu kwa 50, kimoja kimoja. Kwa kumbukumbu usisubiri nukta: kadi nyingi za kisasa husahihisha makosa zenyewe, kwa hiyo fremu huanza kupungua kabla picha haijaharibika. Zikianza kupungua, rudi hatua mbili nyuma. Na usiweke alama ya kupakia mpangilio huo Windows inapowaka mpaka umecheza nao jioni kadhaa, la sivyo mashine itaganda kila inapowaka na itabidi uingie Safe Mode kuitoa.